Hoki ya barafuni: ubabe umepungua kweli, au umehama kutoka ngumi kwenda bega?

SEHEMU YA 1

Wiki hii naweka pembeni kidogo habari za kunyonyesha na homa za usiku, maana kuna swali limejaa kwenye ujumbe wangu, hasa kutoka kwa wenzetu walioko Canada na kaskazini mwa Marekani. Mtoto amerudi kutoka shule, anataka kucheza hoki ya barafuni, rafiki zake wote wanacheza. Baba anasema mwache mtoto, mchezo wa siku hizi si kama wa zamani, ngumi zimekwisha. Mama anaiangalia ile fomu ya ruhusa na kalamu haishuki.

Sasa je, baba anasema kweli? Nataka tulitazame kwa historia, maana ukiangalia mechi moja tu kwenye TV utadanganyika. Chukua hii: tarehe 15 Februari 2025, mjini Montreal, Marekani ilicheza na Canada kwenye mashindano ya nchi nne. Ndani ya sekunde 9 za kwanza za mchezo watu walikuwa wameshapigana ngumi mara tatu. Mitandao ikalipuka, eti hoki ya mababu imerudi. Lakini hebu fikiri: kwa nini ilikuwa habari kubwa hivyo? Mtu hashangai kitu anachokiona kila siku.

Kwa ambao hamjawahi kuuona, niueleze haraka. Kila upande una watu 6 uwanjani pamoja na kipa, wote wana viatu vyenye kisu chini na gongo mkononi. Wanagombea paki, kidude cheusi cha mpira mgumu, bapa, kizito kama gramu 160 hivi. Uwanja wote umezungushiwa ubao na kioo, kwa hiyo hakuna pa kutokea kama kwenye mpira wa miguu. Ukisukumwa pembeni unagota ukutani. Na kumkumba kwa mwili mtu mwenye paki ni halali, yaani ni sehemu ya mchezo, si faulo. Ligi kubwa ya kulipwa ni NHL, ilianzishwa Montreal Novemba 1917. Hiyo ndiyo tutakayoifuata zaidi.

SEHEMU YA 2

Kabla hata ya NHL, hatari kubwa haikuwa ngumi. Ilikuwa gongo.

Februari 1905, kule Ontario, kijana aitwaye Alcide Laurin alipigwa gongo kichwani na mpinzani wake Allan Loney, akafariki. Loney alipelekwa mahakamani, akasema alikuwa anajitetea, akaachiwa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1907, Owen McCourt alifariki baada ya vurugu kwenye mechi ya Cornwall, mkoa huohuo. Charles Masson akashtakiwa, naye akaachiwa, kwa kuwa McCourt alikuwa amepigwa na zaidi ya mtu mmoja na haikujulikana pigo lipi lilimmaliza. Vifo viwili, na hakuna aliyefungwa. Watu waliona ni ajali za mchezo.

Kwa hiyo mtu akikuambia hoki ya zamani ilikuwa ya wanaume wastaarabu waliopigana ngumi za heshima, mwambie arudi nyuma zaidi.

NHL ilipokuja, mwaka 1922 ikaandika sheria ya ngumi: ukipigana, unakaa dakika 5 kwenye kiboksi cha adhabu, halafu unarudi kucheza. Kwenye mpira wa miguu ukirusha ngumi unapewa nyekundu, unakwenda kuoga. Hawa wakasema kaa kidogo, upoe, urudi. Hoja waliyokuwa nayo wapenzi wa mchezo ni kwamba ukiwaruhusu wamalize hasira kwa mikono, hawatatumia magongo. Kama kufunua sufuria mvuke utoke. Hoja hiyo imedumu miaka mia moja. Mimi hainiingii sana, maana sufuria lenyewe lilikuwa halizimwi moto, lakini naielewa ilikotoka: waliokuwa wanaiandika waliwakumbuka Laurin na McCourt vizuri kuliko sisi.

Na haikuzuia. Tarehe 12 Desemba 1933, mjini Boston, Eddie Shore wa Bruins alimkumba kwa nyuma Ace Bailey wa Toronto. Bailey hakuwa na paki, wala hakumwona akija. Kichwa kikagonga barafu, fuvu likapasuka. Red Horner, mwenzake Bailey, naye akamtwanga Shore ngumi moja, Shore akadondoka na kichwa chake kikachanika. Bailey alifanyiwa upasuaji wa kichwa mara mbili, na kwa siku kadhaa haikujulikana kama atapona. Akapona, lakini hakucheza tena maisha yake yote. Shore alifungiwa mechi 16. Tarehe 14 Februari 1934 ikachezwa mechi ya kumchangia Bailey pale Toronto, na kabla ya kuanza akampa mkono Shore mbele ya umati uliosimama kushangilia.

Watu wanapenda kuisimulia picha ile ya kupeana mikono. Sisi manesi tunaangalia kingine: baada ya tukio hilo, Shore mwenyewe alianza kuvaa helmeti. Ligi haikumlazimisha mtu. Ililazimisha mwaka 1979.

SEHEMU YA 3

Tukae hapa kwenye helmeti kidogo, maana ndiko wazazi wengi wanakojipa moyo.

Kuvaa kinga kulionekana ni uoga. Hata makipa, watu wanaosimama mbele ya kile kidude kinachokuja kama risasi, walicheza uso wazi. Tarehe 1 Novemba 1959, kipa wa Montreal aitwaye Jacques Plante alichanwa uso na shuti huko New York, akashonwa, akasema harudi uwanjani bila barakoa yake. Kocha wake hakuipenda, lakini hakuwa na kipa mwingine. Montreal ikashinda, na kidogo kidogo makipa wengine wakafuata.

Kwa wachezaji wa kawaida ilichukua kifo. Januari 13, 1968, Bill Masterton wa Minnesota, umri miaka 29, alitoa pasi na hapohapo akakumbwa na wapinzani wawili. Akaanguka chali, kisogo kikagonga barafu. Alifariki Januari 15. Mpaka leo ndiye mchezaji pekee wa NHL aliyekufa moja kwa moja kwa jeraha la ndani ya mechi. Halikuwa pambano la ngumi, mama. Lilikuwa kumbo la kawaida.

Hata baada ya hapo ligi ilichukua zaidi ya miaka 11. Sheria ya 1979 ikasema: wapya wote wanaosaini mkataba wavae, wa zamani wachague. Wa mwisho kucheza kichwa wazi alikuwa Craig MacTavish, na alistaafu 1997. Mwaka 1997, jamani. Baadhi yenu mlikuwa mmeshazaliwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndo pa kazi yangu. Helmeti inalinda fuvu. Haizuii mtikisiko wa ubongo. Chukua yai bichi, lifunge vizuri kwenye kitambaa kinene, halafu litikise kwa nguvu. Ganda halitapasuka, lakini kiini ndani kimezunguka na kugonga. Ubongo nao unaelea kwenye majimaji ndani ya fuvu. Mwili ukisimamishwa ghafla, ubongo unaendelea na safari. Hata kichwa kisipoguswa kabisa, kumbo kali la kifuani linaweza kuutikisa. Kwa hiyo helmeti ilipoingia, vifo vya aina ya Masterton vikawa adimu, na hilo ni jambo kubwa. Lakini watu wakaanza kukumbana kama vile kichwa hakimo tena kwenye hesabu.

SEHEMU YA 4

Miaka ya 70 na 80 ndiyo watu wanayoikumbuka wanaposema "zamani". Philadelphia Flyers walichukua kombe 1974 na 1975 kwa kuchanganya vipaji na vitisho. Mtu wao Dave Schultz, msimu wa 1974–75 peke yake, alipewa adhabu za dakika 472. Ni karibu saa 8 za adhabu, na rekodi hiyo haijavunjwa. Wengine wakaona kumbe inalipa, kila timu ikatafuta mbabe wake. Kazi ya mbabe haikuwa kufunga. Ilikuwa kupigana na mbabe wa upande wa pili, ili nyota wa timu asiguswe. Katikati ya miaka ya 80 wastani ulifika karibu pambano moja kwa kila mechi.

Halafu ikaanza kushuka. Mwaka 1987 wakabana sheria ya wachezaji kutoka kwenye benchi kwenda kujiunga na ugomvi. Mwaka 1992 anayeanzisha pambano akaanza kutolewa mechi nzima. Lakini nikiwaambia sheria peke yake ndiyo iliyowamaliza wababe nitakuwa nawadanganya. Kilichowamaliza ni kasi, na pesa. Msimu wa 2004–05 haukuchezwa kabisa kwa sababu ya mgogoro wa mishahara. Waliporudi, waliruhusu pasi ndefu na refa akaambiwa asivumilie kushikana na kuzuiana. Mchezo ukawa wa mbio. Pia kila timu ikawekewa kikomo cha mishahara. Hebu fikiri kama wewe ndo unapanga bajeti: utamlipa mtu asiyeweza kukimbiza wala kufunga, akae akisubiri ugomvi? Siku hizi ni kama pambano moja katika mechi nne au tano.

Mmoja wa wababe wa mwisho alikuwa Derek Boogaard, jitu la karibu mita 2. Alicheza mechi 277 za NHL, akafunga magoli 3. Alipendwa sana Minnesota, mashabiki walikuwa wanaimba jina lake. Mikono, mgongo na kichwa vikamletea maumivu, maumivu yakaleta vidonge vya kutuliza, vidonge vikawa utumwa. Desemba 2010 alipigana, akapata mtikisiko wa ubongo, hakurudi uwanjani. Mei 2011 alifariki, dawa za maumivu pamoja na pombe, akiwa na miaka 28. Familia ikatoa ubongo wake uchunguzwe Boston, ukakutwa na ugonjwa unaoitwa kwa kifupi CTE: ubongo kuharibika polepole kwa kupigwa mara nyingi. Ugonjwa huo mpaka sasa unathibitishwa baada ya mtu kufa tu.

Mjue pia kwamba wachezaji wastaafu waliishtaki ligi, wakidai haikuwaambia ukweli kuhusu hatari za kichwa. Mwaka 2018 wakamalizana kwa karibu dola milioni 19 kwa wachezaji zaidi ya 300, bila ligi kukiri kosa. Gawanya mwenyewe uone kila mmoja alibaki na nini.

SEHEMU YA 5

Basi, ngumi zimepungua, hapo baba ana haki yake. Lakini swali lilikuwa ubabe, na ubabe kwenye hoki haujawahi kuwa ngumi peke yake.

Kwenye mechi ya NHL ya leo, kila timu kwa kawaida inahesabiwa kumbo zaidi ya 20. Na waangalie wanaokumbana. Miongo ya mwanzo mchezaji wa wastani alikuwa chini ya kilo 80. Leo ni kama kilo 90, bila kuhesabu kinga za plastiki ngumu mabegani. Zamani mchezaji mzuri alikaa uwanjani muda mrefu mfululizo, kwa hiyo ilibidi atunze pumzi. Leo anaingia kwa sekunde kama 45, anatumia kila kitu alicho nacho, anatoka kupumzika, mwingine anaingia akiwa mbichi. Wenye kasi wanapita kilomita 35 kwa saa. Nyote mnajua tofauti ya kugongwa na baiskeli inayoteremka mlima na ile inayopanda. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya mgongano inaongezeka mara nne. Hilo ni somo la fizikia, si langu.

Mei 2000, Scott Stevens wa New Jersey alimkuta Eric Lindros wa Philadelphia akikata katikati, ameinamisha kichwa akitazama paki. Bega likatua kichwani. Lindros alikuwa ameshapata mitikisiko kadhaa kabla ya hapo. Refa hakupuliza, kwa sababu kwa sheria za wakati ule kumbo lile lilikuwa safi. Miaka kumi baadaye, Machi 2010, Matt Cooke alimfanyia Marc Savard wa Boston hivyohivyo, kutokea upande asiouona. Cooke hakufungiwa hata mechi moja. Hakukuwa na kifungu cha kumfungia. Ndipo msimu uliofuata ikaja Sheria ya 48, inayokataza kumbo lililolenga kichwa. Savard alirudi kidogo, akaumia tena, na Januari 2011 ikawa mwisho wake.

Mwezi huohuo wa Januari 2011 kuna kisa ambacho kila mzazi akijue. Sidney Crosby, nyota mkubwa kuliko wote wakati ule, aligongwa kichwani Januari 1. Akaendelea. Januari 5 akacheza tena, akagongwa tena ubaoni. Baada ya hapo hakuonekana kwenye mechi mpaka Novemba, akacheza mechi chache, dalili zikarudi, akatoka tena mpaka Machi 2012. Mtu mwenye madaktari kila kona, na bado siku nne kati ya pigo la kwanza na la pili zilimgharimu zaidi ya mwaka. Ubongo uliotikiswa ni kama kidonda kibichi. Kukigonga tena kabla hakijafunga ni jambo jingine kabisa.

(Kwa wenzetu wa Nairobi: ndiyo, ni huyuhuyu Crosby aliyevaa jezi na kucheza na vijana wa Ice Lions mwaka 2018, walipopelekwa Canada kwa sababu nyumbani hawakuwa na timu ya kushindana nayo.)

Msidhani pia hili ni la wanaume tu. Ligi ya kulipwa ya wanawake, PWHL, ilianza Januari 1, 2024, na imeruhusu kukumbana kwa mwili kuliko walivyozoea wanawake kwenye mashindano ya kimataifa. Mashabiki wamefurahi, wachezaji wengi pia. Kwa hiyo ukiniuliza kama hoki ya kulipwa imekuwa laini, jibu langu ni hapana. Gongo la kichwani lilibanwa, ngumi zikafuata, sasa wanafukuzana na bega. Na kila mara sheria imekuja baada ya mtu kubebwa kwenye machela.

SEHEMU YA 6

Sasa turudi kwa mtoto wako, ambaye hachezi NHL. Kwa watoto historia ni nzuri zaidi kuliko kwa wakubwa, na sijui kwa nini akina baba hawaitaji hii badala ya ngumi.

Kule Canada kulikuwa na bahati ya ajabu kwa watafiti: mkoa wa Alberta uliruhusu watoto wa miaka 11 na 12 kukumbana, Quebec haukuruhusu umri huo. Mchezo uleule, nchi ileile, sheria tofauti. Wakafuatilia watoto zaidi ya 2,000, na mwaka 2010 matokeo yakatoka: hatari ya mtikisiko wa ubongo Alberta ilikuwa zaidi ya mara tatu ya Quebec. Wengine walikuwa wanajitetea kwamba mtoto akianza mapema anajifunza kujikinga. Takwimu hazikuwaunga mkono. Marekani ikasogeza kukumbana mpaka miaka 13 mwaka 2011, Canada ikafuata 2013. Na ilipopigwa marufuku, mitikisiko kwa watoto wa umri huo Alberta ilishuka kwa zaidi ya nusu.

Hivyo mtoto wa miaka 8 au 10 anayeingia leo anacheza hoki ambayo kwa sheria haina kumbo. Ataanguka, atagongwa na gongo kwa bahati mbaya, atalia, atarudi. Swali zito linakuja akifika 13. Miji mingi ya Canada ina ligi za vijana wakubwa zisizo na kukumbana; kabla hujasaini, uliza klabu kama wanayo, na inaanzia daraja gani. Uliza nani mwenye mamlaka ya kumtoa mtoto akigongwa kichwa. Kama jibu ni "kocha ataangalia", uliza tena.

Kinga ya shingo mnunulie na avae hata mazoezini. Oktoba 2023, kule Sheffield, Uingereza, Adam Johnson wa Nottingham, aliyewahi kucheza NHL, alikatwa shingo na kisu cha kiatu cha mpinzani akafariki. Baada ya hapo shirikisho la kimataifa likaifanya kinga hiyo kuwa lazima kwenye mashindano yake.

Dalili za mtikisiko: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwanga kumuudhi, kujibu polepole, kusahau kilichotokea, au tu kuwa mkali na mlegevu kuliko kawaida yake. Si lazima azimie, wengi hawazimii. Ukiona moja baada ya kugongwa, siku hiyo harudi uwanjani, hata kama imebaki dakika moja na analia anataka kurudi. Apumzike siku moja mbili bila michezo na simu kwa kiasi, aonwe na daktari, darasani arudi kwanza, uwanjani baadaye, hatua kwa hatua. Akitapika mara kwa mara, akipata degedege, haamki vizuri, mboni za macho hazilingani, anadhoofika upande mmoja au maumivu yanazidi: hapo ni hospitali ya dharura, si kusubiri asubuhi.

Wenye watoto waliokwisha fika 13, niandikieni klabu zenu zinasema nini kuhusu kukumbana, nikusanye majibu. Ya meno ya mbele tutayaongea Jumapili, maana hayo nayo kwenye hoki ni hadithi ndefu.